Mnanunua Saa Zilizobaki

Hotuba kwa wanahisa wanaokusudia kununua ndege iliyotumika ya injini mbili za pangaboi, Arusha

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wanahisa, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kuniita mapema, kabla kura haijapigwa na kabla senti moja haijatoka. Katika miaka yangu ya kazi ya uhandisi wa ndege nimeitwa mara nyingi zaidi baada ya mkataba kutiwa saini, pale ambapo mwenye mali ananionyesha ndege yake mpya kwake, amejawa na furaha, na mimi natakiwa kumweleza kwa nini haiwezi kuruka mwezi huu wala mwezi ujao. Kazi hiyo hainipendezi, na ninyi ni majirani zangu, kwa hiyo nimekuja leo na maelezo marefu kidogo kuliko mlivyoomba.

Pendekezo lililo mbele yenu nimelisoma. Mnataka ndege ya injini mbili, iliyotumika, ya kuwachukua wageni wenu na nyinyi wenyewe kutoka hapa Arusha kwenda Mwanza, Kigali, Nairobi na Zanzibar, na mara chache kutua kwenye viwanja vya changarawe ndani ya hifadhi. Ndege iliyopendekezwa ni Beechcraft King Air B200. Nataka niseme mapema kwamba sina ugomvi na chaguo hilo. King Air 200 iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1972, ikaanza kuuzwa mwaka 1974, na B200 ikafuata mwaka 1981. Kabini yake imefungwa na hewa yake kushindiliwa, hivyo abiria hukaa kwa starehe ndege ikiwa juu ya mawingu, na mwendo wake unapita kilomita 500 kwa saa. Mafundi wanaoijua wapo Nairobi, wapo Afrika Kusini, na vipuri vyake havijawa adimu. Twin Otter ingewafaa kama safari zenu zote zingekuwa za viwanja vifupi vya hifadhini, lakini haina kabini ya namna hiyo na mwendo wake ni wa polepole. Beechcraft 1900D ina viti 19, na ninyi hamna abiria 19. Cessna Caravan, ambayo wengi wenu mmeipanda, ni ndege nzuri sana, ila ina injini moja, nanyi mmekwisha kuamua kwamba mnataka mbili mnapovuka ziwa usiku au mnapopita juu ya milima ya Rwanda penye mawingu. Uamuzi huo nauheshimu.

Tatizo langu ni neno moja katika pendekezo. Ukurasa wa kwanza unasema kwamba kampuni "itanunua ndege ya mwaka 1984 kwa bei nafuu". Ndugu zangu, ndege iliyotumika hainunuliwi kwa mwaka wake. Gari mnaweza kulinunua kwa mwaka, na hata hapo mnajua mlivyowahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ndege ni mkusanyiko wa vitu vingi, na kila kimoja kina saa yake inayohesabu kivyake: kingine huhesabiwa kwa saa za kuruka, kingine kwa idadi ya kuruka na kutua, kingine kwa kalenda tu, hata kama ndege imelala bandani mwaka mzima. Mnachonunua ni saa zilizobaki katika kila kimoja cha vitu hivyo. Ndege mbili za mwaka mmoja, zilizotoka kiwanda kimoja wiki moja, zinaweza kutofautiana thamani mara mbili, na huwezi kuona tofauti hiyo ukisimama nje na kuangalia rangi.

Tuanze na injini, kwa sababu humo ndimo fedha ilimolala. B200 ina injini mbili za PT6A-42 zilizotengenezwa na Pratt & Whitney ya Canada, kila moja ikiwa na nguvu farasi 850. PT6 ni injini iliyofungwa kinyume na mategemeo ya macho: hewa huingia sehemu ya nyuma ya injini, hugandamizwa, huchomwa pamoja na mafuta, kisha gesi ya moto hutoka upande wa mbele, karibu na pangaboi, kupitia mabomba yale mawili mnayoyaona yamejipinda pembeni. Turbini inayozungusha pangaboi haikuungana kwa chuma na turbini inayosukuma hewa. Kinachoziunganisha ni gesi peke yake. Muundo huo ndio ulioifanya injini hii iaminiwe kuanzia Aktiki hadi jangwani.

Mtengenezaji ameweka kikomo cha saa 3,600 kwa injini hii, na ikifika hapo hutolewa, hufumuliwa yote na kuundwa upya. Katikati, kwenye saa 1,800, hufunguliwa ile sehemu ya moto ili kukagua mapezi ya turbini na chumba cha kuchomea. Sasa shikeni kalamu. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kuifumua na kuiunda upya injini moja kutawagharimu dola 400,000. Kila saa moja ya kuruka, kwa injini moja, imebeba deni la dola 111. Muuzaji akiwaambia injini zake zina saa 2,700 tangu ziundwe upya, robo tatu ya uhai wake imekwisha kuliwa na mwingine, na ninyi mmebakiwa na saa 900. Dola 300,000 kwa kila injini, yaani 600,000 kwa zote mbili, ni fedha ambayo yeye aliitumia kwa kuruka na ninyi ndio mtakaoilipa. Mkiruka saa 450 kwa mwaka, bili hiyo itawafikia ndani ya miaka miwili. Ndege ya bei nafuu ikiwa na injini za namna hiyo inaweza kuwa ghali kuliko jirani yake iliyouzwa kwa nusu milioni zaidi.

Halafu kuna jambo ambalo madalali hulipita haraka. Ndani ya injini mna diski za turbini na sehemu nyingine zinazozunguka ambazo uhai wake hauhesabiwi kwa saa bali kwa mizunguko, na kila kuwasha, kuruka na kutua huhesabiwa. Sehemu hizo haziundwi upya. Zikifika kikomo hutupwa. Ndege iliyokuwa ikifanya safari za dakika 20 kati ya visiwa inaweza kuwa na saa chache na mizunguko mingi kupita kiasi, ilhali iliyokuwa ikivuka nchi kwa saa tatu kila safari ina saa nyingi na mizunguko michache. Kwa hiyo mkiulizia saa peke yake mmeuliza nusu ya swali.

Naomba niwasimulie kisa kimoja, na jina la muuzaji nitalihifadhi. Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa na mteja kwenda kukagua King Air moja nje ya nchi. Nilipofika kwenye hanga niliikuta inang'aa. Rangi mpya nyeupe yenye mstari wa buluu, viti vya ngozi bado vinanukia ngozi, zulia halijakanyagwa. Nilizunguka mara moja, kisha nikaomba meza na vitabu vya kumbukumbu za ndege. Kitabu cha fremu, yaani ndege bila injini zake, kilikuwa kamili. Kitabu cha injini ya kulia kilikuwa kamili. Kitabu cha injini ya kushoto kilikuwa kipya, jalada lake gumu halijavunjika uti, na maandishi ya kwanza kwenye ukurasa wa kwanza yalisema kwamba saa 4,112 "zimehamishwa kutoka kitabu kilichotangulia". Niliuliza kilichotangulia kiko wapi. Niliambiwa kiliungua katika ofisi ya mmiliki wa zamani. Niliuliza kama kuna nakala, karatasi za karakana iliyoiunda upya, au orodha ya diski yenye namba na mizunguko yake. Hakuna.

Mteja wangu kwenye simu aliniuliza kama injini inawaka. Inawaka vizuri, nilimwambia, na joto lake ni la kawaida. Lakini diski isiyo na historia tangu siku ilipotoka kiwandani huhesabiwa kuwa imemaliza uhai wake, kwa sababu hakuna mtu duniani anayeweza kuthibitisha kwamba haijaumaliza. Chuma kilichochoka hakionyeshi uchovu wake kwa macho. Ilibidi ndege ile ihesabiwe kana kwamba injini ya kushoto haina kitu ndani yake, na muuzaji hakutaka kushusha bei kwa kiasi hicho. Tulirudi mikono mitupu, tumepoteza nauli na siku nne. Mpaka leo nahesabu kuwa ile ilikuwa safari yenye faida kubwa kuliko zote nilizofanya kwa ajili ya mteja yule.

Mtu anaweza kuniona nashikilia karatasi kupita kiasi. Niwakumbushe tukio la Septemba 1989. Ndege ya injini mbili za pangaboi aina ya Convair 580, ya shirika la Partnair la Norway, iliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 30, ilikuwa ikitoka Oslo kwenda Hamburg. Juu ya bahari karibu na Denmark mkia ulianza kutetemeka, ukavunjika, na watu wote 55 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi walipoivua ndege kutoka chini ya bahari waligundua kwamba boliti na bushi zilizoshika bawa la wima la mkia zilikuwa bandia, hazikuwa na ugumu uliotakiwa. Kwa macho zilifanana na zile halali. Kitu pekee kinachotenganisha boliti halali na boliti bandia, ukiwa umesimama dukani, ni karatasi inayoifuata kutoka kwa mtengenezaji: ile hati ya kuachilia kipuri, Form 8130-3 kwa Wamarekani na Form 1 kwa Wazungu wa EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya. Ndege mtakayoinunua itakuwa imebadilishwa vipuri mamia kwa miaka 40. Kila kipuri kikubwa lazima kiwe na karatasi yake.

Nimetaja boliti, kwa hiyo niingie kwenye mabawa. Mabawa ya King Air yameshikwa kwenye mwili wa ndege kwa boliti chache kubwa. Boliti hizo hutolewa na kukaguliwa kila baada ya miaka 5, na hubadilishwa zikifika miaka 15. Hapa ndipo kalenda inapowaumiza wanunuzi, maana ndege iliyokaa bila kuruka kwa miaka mitatu huuzwa kwa sifa ya "saa chache", kumbe boliti zimeendelea kuzeeka, pangaboi zinakaribia kikomo chao cha miaka 6, na miguu ya kutulia, ambayo nayo hufumuliwa kila miaka 6, imefikia zamu yake. Ukaguzi wa kawaida wa ndege hii umegawanywa katika hatua nne, hatua moja kila saa 200, na zote nne lazima zikamilike ndani ya miezi 24 hata kama ndege imeruka saa 50 tu. Ulizeni kila kimoja kilifanywa lini, na nani, na wapi. Halafu chukueni kalenda yenu na muweke alama mahali kinapoangukia tena. Mkiona vitatu vimeangukia mwezi uleule wa kwanza baada ya kununua, mmekwisha kujua kwa nini muuzaji ana haraka.

Sasa tuikaribie ndege yenyewe. Mtakapokwenda kuiangalia, na ningependa angalau wawili wenu waende pamoja na mhandisi, pitisheni kidole polepole kwenye ukingo wa mbele wa kila pezi la pangaboi, kuanzia katikati hadi ncha. Ukingo uliotunzwa ni laini. Ule uliofanya kazi kwenye changarawe una vijimeno, na fundi mwema huvisugua na kuvilainisha kila jioni; asiyejali huviacha, na kijimeno kimoja ndicho mwanzo wa ufa. Piga magoti chini ya bawa na uangalie mistari ya ribiti. Ukiona nyuma ya kichwa cha ribiti pana mstari mweusi mwembamba kama moshi, umeelekea upande upepo unakokwenda, ribiti hiyo imelegea na inasagana na bati. Rangi mpya huuficha mstari huo kwa miezi michache tu, ndiyo sababu rangi mpya hunifanya niangalie mara mbili. Funua zulia karibu na mlango na chini ya choo. Hapo maji hukaa, na hapo ndipo kutu nyeupe ya aluminiamu huanzia, unga kama wa chokaa unaoachia ukiugusa.

Mambo mengine jicho halifiki. Fundi ataingiza kamera nyembamba ndani ya injini na kuangalia mapezi ya turbini yakiwa mahali pake. Ndege iliyoishi pwani, iwe Zanzibar au Florida, bila kuoshwa injini mara kwa mara, huonyesha ulaji wa chumvi na salfa kwenye mapezi hayo. Iliyowahi kuwashwa vibaya, yaani mafuta yakaingia na kuwaka kabla hewa ya kutosha haijapita, huonyesha ncha zilizoungua. Rubani mmoja, asubuhi moja, betri ikiwa dhaifu, anaweza kuharibu kwa sekunde chache kitu cha thamani ya nyumba. Waombeni wawape kumbukumbu za mwenendo wa injini za miaka miwili iliyopita: joto, mzunguko na matumizi ya mafuta kwa kila safari. Aliyezitunza atazitoa kwa fahari.

Ukaguzi huu ufanywe na karakana ambayo haijawahi kuihudumia ndege hiyo. Nasisitiza. Fundi aliyeihudumia miaka kumi ni mtu mwaminifu pengine, lakini mnamwomba akosoe kazi ya mikono yake mwenyewe. Gharama ya ukaguzi ni yenu. Gharama ya kurekebisha kila kasoro inayoifanya ndege isistahili kuruka iwe ya muuzaji, na hilo liandikwe kwenye mkataba kabla ndege haijafunguliwa, na fedha ya amana ikae kwa mtu wa tatu, isikae kwa muuzaji wala kwa dalali wake.

Nije kwenye uzito, jambo ambalo katika pendekezo lenu limepewa mstari mmoja: "viti tisa". Uzito wa juu kabisa wa B200 wakati wa kuruka ni kilo 5,670. Tuseme ndege mtakayoipata, ikiwa na viti na vifaa vyake, ina kilo 3,800 ikiwa tupu. Mmebakiwa na kilo 1,870 za mafuta, watu na mizigo. Matangi yakijaa ni karibu kilo 1,650 za mafuta. Toeni. Zinabaki kilo 220, na marubani wawili hawajaketi bado. Matangi kamili na viti vilivyojaa havikutani katika ndege hii, na hiyo si aibu yake, kwa sababu ilibuniwa ili mwenye nayo achague. Kwa safari ya Kigali, ambayo ni kama kilomita 740, mtahitaji takribani kilo 850 za mafuta pamoja na akiba ya kwenda uwanja mwingine. Marubani wawili na abiria wanane, kwa kilo 85 kila mmoja, ni 850 nyingine. Zinabaki kilo 170 za mizigo, kilo 21 kwa kila abiria. Mgeni anayekuja kupiga picha za wanyama, na begi lake la kamera na lenzi, habaki ndani ya kilo 21 hizo bila kuzungumza naye mapema.

Na hizo ni hesabu za uwanja wa usawa wa bahari. Uwanja wetu wa Arusha uko zaidi ya futi 4,500 juu ya bahari, na Wilson kule Nairobi unapita futi 5,500. Saa nane mchana, jua likiwa nyuzijoto 28, hewa ya Arusha huwa nyepesi kama mko futi 7,000. Injini huvuta hewa pungufu, pangaboi hushika hewa pungufu, bawa hunyanyua kidogo. Kitabu cha ndege kina majedwali yanayoonyesha kama ndege hiyo, kwa uzito huo na joto hilo, itaweza kuendelea kupanda iwapo injini moja itazimika mara tu baada ya kuruka. Hiyo ndiyo sababu ya kununua injini mbili. Injini ya pili isiyoweza kuwapandisha kutoka hapa mchana ni uzito mliobeba. Basi mwambieni rubani wenu mkuu, kabla ya kununua, afanye hesabu hizo kwa kila uwanja ulio kwenye orodha yenu, kwa mchana wa mwezi wa pili.

Jambo hili si la kinadharia kwangu. Tarehe 8 Januari 2003 huko Charlotte, Marekani, Beechcraft 1900D iliruka ikiwa na abiria 19 na marubani wawili, pua ikanyanyuka kupita kiasi, ikaanguka, na wote 21 wakafa. Nyaya za usukani wa mkia zilikuwa zimerekebishwa vibaya kwenye matengenezo siku mbili kabla, na ndege ilikuwa nzito, uzito wake ukiegemea nyuma. Hesabu ya abiria ilitumia uzito wa wastani uliokuwa umepitwa na wakati, na baada ya ajali hiyo mamlaka za Marekani ziliongeza wastani huo. Kwenye ndege ndogo, wapimeni abiria kwa mizani. Wageni wenu wataelewa mkiwaeleza kwa adabu.

Umiliki. Hapa nitakwenda haraka kwa sababu mwanasheria wenu yupo, ila kuna jambo moja ambalo hata wanasheria wazuri hulikosa. Chini ya Mkataba wa Cape Town wa mwaka 2001 kuna daftari la kimataifa linaloendeshwa kutoka Ireland, ambamo benki na wadai huandikisha haki zao juu ya ndege. Injini yenye nguvu farasi 550 na zaidi huandikishwa kivyake, mbali na fremu, na zenu zina 850. Maana yake ndege inaweza kuwa haina deni na injini ya kulia ikawa imewekwa rehani na mtu msiyemjua. Tafuteni mara tatu: kwa namba ya fremu, kwa namba ya injini ya kushoto, kwa namba ya injini ya kulia. Kama ndege imesajiliwa Marekani, herufi yake ya kwanza ikiwa N, tafuteni pia kwenye ofisi ya usajili wa ndege iliyoko Oklahoma City. Na namba mnazozitafuta zisomwe kwenye vibati vilivyoko kwenye injini zenyewe, si kwenye tangazo.

Kabla ya hayo yote, Mwenyekiti, mwandikieni barua Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, mkieleza aina ya ndege, mwaka wake, marekebisho yaliyofanyiwa na cheti cha kila marekebisho, na muulize kama itakubaliwa kusajiliwa kwa 5H, alama ya usajili wa ndege za Tanzania. Ndege nyingi za umri huu zimebadilishwa pangaboi, nyingine hata injini, chini ya vyeti vya nyongeza vya Marekani, na kila kimoja kitaulizwa. Elezeni vilevile kama mnakusudia kutoza nauli. Mkiwachukua wageni kwa malipo, hata kama malipo yamefichwa ndani ya bei ya hoteli, mtahitaji leseni na cheti cha uendeshaji wa ndege, na hicho hakipatikani kwa mwezi mmoja. Ushauri wangu ni kwamba ndege iwe yenu na uendeshaji mumpe mwenye cheti tayari, angalau kwa miaka miwili ya kwanza.

Ulizeni pia kama ndege imeruhusiwa kupita kwenye anga la kuanzia futi 29,000, ambako ndege hutenganishwa kwa futi 1,000 tu na vipimo vya kimo lazima viwe vimethibitishwa. B200 nyingi hazina ruhusa hiyo na hukomea futi 28,000. Kwa safari zenu si kasoro, lakini dalali asiwauzie futi 35,000 ambazo hamruhusiwi kuzitumia.

Ikiwa yote yataenda vizuri, itabaki safari ya kuileta nyumbani. Kutoka Lanseria, karibu na Johannesburg, ambako King Air nyingi za bara hili huuzwa, ni safari ya siku moja. Kutoka Marekani ni siku kadhaa kupitia kaskazini ya Atlantiki, Ulaya na Misri, pamoja na vibali vya kupita kila nchi na bima ya safari hiyo peke yake. Ikishatua hapa na kupata herufi mpya ubavuni, fundi afungue nyuma ya mkia na kubadilisha msimbo wa kile kifaa cha kuitia msaada, kinachorusha mawimbi ya megahezi 406 kwenda kwenye satelaiti. Msimbo huo hutaja nchi ya ndege na mwenye nayo. Nimewahi kuifungua ndege iliyokuwa hapa kwetu miaka miwili, inabeba watu kila wiki, huku kifaa chake kikiwa bado kimesajiliwa kwa mmiliki wa zamani ng'ambo. Ingeanguka porini, simu ya kwanza ya waokoaji ingelia katika nyumba ya mtu aliyekwisha kuiuza.

Fomu ya maswali nimemkabidhi Katibu. Ina kurasa nne, na swali la kwanza linaomba picha ya kila ukurasa wa vitabu vyote vitatu, cha fremu na vya injini mbili, tangu siku ya kwanza. Mtumieni muuzaji kesho asubuhi. Akizituma zote, nileteeni nyumbani, nitazisoma pamoja na yeyote kati yenu atakayependa kukaa nami, ukurasa kwa ukurasa. Nashukuru kwa kunisikiliza.